Mchungaji wa kanisa katoka wapi kwenye Biblia? Tufungue maandiko yenyewe

Msomaji wa Pembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe.

Kuna mabishano ya pande mbili yamenichosha. Wa kwanza wanasema mchungaji hayumo kwenye Biblia, ni cheo cha watu waliotafuta ulaji. Wa pili wanasema mchungaji ni mpakwa mafuta, ukimhoji umejitafutia laana. Nimekaa na maandiko haya muda mrefu sasa, na naona wote wanakosea, ingawa hawakosei sawa. Msingi upo, tena imara. Ila ni mwembamba kuliko ghorofa tulizopandisha juu yake.

Nitatumia Union Version, ile tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tuliyokariri. Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Nianze na jambo linaloshangaza wengi. Agano Jipya lote, nomino "mchungaji" kwa maana ya kiongozi wa kanisa imetokea mara moja tu: Waefeso 4:11, "na wengine kuwa wachungaji na waalimu". Basi. Kwingine kote mchungaji ni mchunga mifugo halisi, kama wale wa Luka 2 waliokesha makondeni, au ni mfano, au ni Yesu mwenyewe. Hapo ndipo upande wa kwanza hushangilia. Subirini.

Nomino ni moja, lakini kitenzi kipo. Matendo 20, Paulo yuko Mileto, anatuma watu Efeso kuwaita "wazee wa kanisa" (mstari wa 17). Wakifika anawaambia Roho Mtakatifu amewaweka kuwa "waangalizi", mpate "kulilisha kanisa lake Mungu" (mstari wa 28). Hilo "kulilisha" kwa Kigiriki ni kuchunga, kitenzi cha mchungaji. Petro naye anawaandikia wazee: "lichungeni kundi la Mungu lililo kwenu, na kulisimamia" (1 Petro 5:2). Unaona? Mzee, mwangalizi, mchungaji: watu wale wale, maneno matatu. Mzee ni jinsi anavyoheshimika, mwangalizi ni wajibu aliopewa, kuchunga ndiyo shughuli ya kila siku.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "waangalizi" Matendo 20:28 ndilo lililotafsiriwa "askofu" kwenye 1 Timotheo 3 na Tito 1. Ukisoma kwa Kiswahili unadhani ni watu wawili wa ngazi tofauti. Kumbe Paulo anamwambia Tito aweke wazee katika kila mji (1:5), anataja sifa zao, kisha mstari wa 7 anaendelea "maana imempasa askofu…" bila kubadilisha mada. Hieronimo, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliliona hili zamani sana, akaandika waziwazi kwamba mzee na askofu walikuwa kitu kimoja mwanzoni. Ngazi ya askofu mmoja juu ya wazee inaonekana wazi kwenye barua za askofu Ignatio wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2. Sisemi ni dhambi. Nasema tu usiitafute kwa Tito.

Naendelea na Agano la Kale, msijibu bado.

Msomaji wa Pembeni

Kwenye Agano la Kale "mchungaji" kama cheo hasa ni mtawala. Daudi alitolewa mazizini akapewa kuwachunga Israeli (Zaburi 78:70-72). Hata Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu wa Israeli, anaitwa na Mungu "mchungaji wangu" (Isaya 44:28). Kwa hiyo Ezekieli 34 inapowaka moto, inawawakia wakubwa wa nchi.

Na sura hiyo isomwe taratibu. "Ole wao wachungaji wa Israeli, wanaojilisha wenyewe, je! haiwapasi wachungaji kuwalisha kondoo?" Halafu mstari wa 4 unatoa orodha ya kazi kwa kuorodhesha zisizofanyika: wagonjwa hamkuwatia nguvu, waliovunjika hamkuwafunga, waliofukuzwa hamkuwarudisha, waliopotea hamkuwatafuta, "bali kwa nguvu na kwa ukali mmewatawala". Mtu akiniuliza mchungaji anafanya nini kutwa, namfungulia mstari huo. Kutibu, kufunga jeraha, kurudisha, kutafuta. Hakuna jukwaa hapo.

Mwisho wa hasira hiyo Mungu anasema atawatafuta kondoo zake mwenyewe. Ukifika Yohana 10 na kumsikia Yesu akisema "Mimi ndimi mchungaji mwema", waliomsikiliza walikuwa na Ezekieli masikioni. Alikuwa anadai kazi ambayo Mungu alisema ataifanya kwa mkono wake.

Ndiyo maana mazungumzo ya Yohana 21 yana uzito. Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, anapewa kazi mara tatu: lisha wana-kondoo wangu, chunga kondoo zangu, lisha kondoo zangu. Angalieni hiyo "wangu" na "zangu". Petro hakukabidhiwa kundi likawa lake. Kakabidhiwa mifugo ya mtu. Na aliyewahi kuchunga mifugo ya mtu anajua: mnyama akipungua jioni, utaeleza.

Fundi Cherehani

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka swali. Kama ni wazee, mbona kila mahali unapotaja ni wingi? Wazee wa Efeso. Wazee katika kila kanisa (Matendo 14:23). Yakobo 5:14 mgonjwa aite wazee wa kanisa. Wafilipi 1:1 maaskofu na mashemasi. Huyu mchungaji mmoja anayesaini hundi, anayehubiri, anayeamua nani aoe nani, mnamtoa wapi?

Msomaji wa Pembeni

Fundi, nilikuwa nakuja huko, umeniwahi. Sina cha kupinga. Picha ya kawaida ya kanisa la mahali pamoja katika Agano Jipya ni kundi la wazee. Kuna dalili kwamba mmoja anaweza kusimama mbele ya wenzake. Yakobo, ndugu yake Bwana, alikuwa hivyo Yerusalemu, na 1 Timotheo 5:17 inatofautisha wazee kwa jumla na "hasa wao wajitahidio kuhutubu na kufundisha". Kwa hiyo mmoja kufanya kazi ya Neno muda wote wakati wengine wana shughuli zao si kosa. Kosa ni wengine kutokuwepo, au kuwepo kwa majina tu.

Mtume Petro mwenyewe anapowaandikia wazee anajiita "mimi niliye mzee, mwenzi wao". Ndilo neno alilochagua, mwenzi. Na kuna mtu mmoja anayetajwa kwa kupenda kuwa wa kwanza: Diotrefe, 3 Yohana 9. Hawapokei ndugu, na wanaotaka kuwapokea anawatoa kanisani. Barua ni fupi, unaimaliza ukisubiri chai ichemke.

Nuru ya Asubuhi

Shalom watumishi. Mimi naona mnatikisa msingi wa heshima. Neno linasema "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu". Na Waebrania 13:17 "Watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea". Mtumishi akikosea, Mungu aliyemwita atashughulika naye. Mimi nimeshuhudia watu waliomsema mchungaji maisha yao yakaharibika.

Msomaji wa Pembeni

Dada (au kaka) Nuru, asante kwa kuyaweka mezani, maana haya mawili ndiyo yanayotumika kila siku. Niruhusu niende polepole, kwa heshima.

Hilo la "msiwaguse masihi wangu" (masihi ni mpakwa mafuta) ni Zaburi 105:15. Rudi nyuma hadi mstari wa 9. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama taifa hata taifa. Mungu anawakemea wafalme wasiwadhuru. Kumbukeni Abimeleki wa Mwanzo 20, aliyeambiwa usiku katika ndoto kwamba mume wa Sara, mwanamke aliyemchukua, ni nabii. Sasa tazama ajabu: asubuhi yake Abimeleki anamwita Ibrahimu na kumhoji uso kwa uso, umetutenda nini? Na Ibrahimu anajieleza! Kwa hiyo hata "masihi" mwenyewe wa zaburi hiyo alihojiwa, na mfalme wa kipagani, siku ile ile aliyolindwa.

Wengine huleta habari ya Daudi na Sauli. 1 Samweli 24, Daudi anakataa kunyosha mkono juu ya masihi wa Bwana, yaani mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda. Sawa. Kunyosha mkono ni kuua. Dakika chache baadaye anatoka pangoni, ameshika kipande cha vazi la Sauli, anamshitaki kwa sauti mbele ya majeshi: Bwana atahukumu kati ya mimi na wewe. Huyo ndiye tunayemtolea mfano wa kunyamaza?

Tena chini ya agano jipya mafuta hayakubaki kwa mmoja. "Nanyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu" (1 Yohana 2:20), na hilo limeandikiwa kanisa zima, mpaka mfagiaji.

Waebrania 13:17 nalikubali lote. Kuna utii. Kitenzi cha "watiini" pale kinabeba maana ya kukubali kushawishika, mtu aliyesikia hoja akairidhia, lakini sitaki kujificha nyuma ya Kigiriki. Utii ni utii. Ila soma mstari hadi mwisho: wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu "kama watu watakaotoa hesabu". Na mistari kumi juu yake, 13:7, inasema wakumbukeni waliowaongoza, na mkiuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, iigeni imani yao. Mkiuchunguza! Barua inayoamuru kutii ndiyo inayoamuru kuchunguza.

Hayo ya maisha kuharibika sitayagusa. Rafiki zake Ayubu nao walikuwa na maelezo ya mabaya yaliyompata, na Mungu akawakemea.

Kisima Kirefu

😂😂 hapo kwa Ayubu umemaliza

Swali dogo: huduma tano (mtume, nabii, mwinjilisti, mchungaji, mwalimu). Kwetu tunafundishwa mtume yuko juu, halafu nabii, mchungaji wa nne. Kweli?

Msomaji wa Pembeni

Waefeso 4:11 haitoi vyeo kwa ngazi, inataja watu ambao Kristo aliwatoa kama zawadi kwa kanisa. Na kama ni tano au nne kuna ubishi, kwa sababu "wachungaji na waalimu" kwa Kigiriki wamefungwa na neno bainishi moja (kama "the" ya Kiingereza), tofauti na wale waliotangulia, kila mmoja na lake. Angalau vinakwenda pamoja: huwezi kuchunga usipofundisha.

Lakini kwangu utamu uko mstari wa 12. Kiswahili chetu kinasema "kwa kusudi la kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke". Itendeke na nani? Tafsiri imemficha mtendaji. Ukisoma hivyo unaweza kudhani mchungaji anawakamilisha watakatifu, kisha huduma anaifanya yeye. Ufafanuzi ambao wengi wanaukubali leo ni kwamba watakatifu wanaandaliwa ili wao waifanye kazi ya huduma. Na hilo neno la "kuwakamilisha" ni la ukoo mmoja na kitenzi cha Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana wanapozitengeneza nyavu chomboni. Wavu uliochanika hautupwi, hushonwa urudi majini. Mchungaji anashona nyavu. Anayevua ni kanisa.

Jipimeni kwa hilo. Kama mchungaji akiugua miezi miwili na kanisa linasimama kabisa, hakuna maombi, hakuna anayetembelea mgonjwa, hakuna anayeweza kufungua Neno, kuna kazi ambayo haikufanyika alipokuwa mzima.

Mama wa Watatu

Naomba mtuambie na sifa zake. Siku hizi mtu akiota ndoto Jumatatu, Jumapili ana kanisa.

Msomaji wa Pembeni

Mama, 1 Timotheo 3:1-7, na Tito 1:6-9. Asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mwenye kiasi, mtu wa utaratibu, mkaribishaji, si mlevi, "si mpiga watu", mpole, asiyependa fedha, asiwe aliyeongoka karibuni, ashuhudiwe mema na watu walio nje. Yaani hata majirani wasiosali wanaulizwa! Katika orodha yote hiyo kipaji ni kimoja tu, "ajuaye kufundisha". Mengine yote ni tabia, na tabia haionekani kwa wiki. Ndiyo maana 1 Timotheo 5:22 inaonya, usimwekee mtu mikono kwa haraka.

Kuna kito kimejificha 1 Timotheo 3, mstari wa 5: asiyejua kuisimamia nyumba yake, "atalitunzaje Kanisa la Mungu?" Kitenzi hicho cha kutunza, Agano Jipya limekitumia mahali pengine pamoja tu: Luka 10, Msamaria akimtunza yule aliyepigwa na wanyang'anyi, kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni "mtunze huyu". Kusimamia nyumba, kwa Paulo, kunapimwa kwa kutunza majeruhi. Kwa hiyo wanaosoma "kuisimamia nyumba yake" kama kuwatisha watoto wakae kimya, hapana.

Kuhusu wanawake kuwa wachungaji najua litakuja. Kuna 1 Timotheo 2:12 upande mmoja, kuna Febe wa Kenkrea na Prisila upande mwingine, na makanisa yenye kuiheshimu Biblia yamefika mahali tofauti. Ni uzi wa peke yake, humu tutapotea.

Fundi Cherehani

Na pesa? Usikimbie.

Msomaji wa Pembeni

Sikimbii. Haki ya kutunzwa ipo, tena wazi. "Usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka" (Kumbukumbu 25:4), Paulo analichukua mara mbili, 1 Wakorintho 9 na 1 Timotheo 5:18. Bwana ameamuru waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili (1 Wakorintho 9:14). Kanisa linalotaka mchungaji wa muda wote huku watoto wake wanalala njaa linavunja Maandiko, na tusilipambe kwa neno "imani".

Ila huyo huyo Paulo, baada ya kuijenga haki hiyo kwa mistari kumi na minne, anasema hakuitumia kwa Wakorintho. Alishona hema (Matendo 18:3). Kwa wazee wa Efeso alionyesha mikono yake: hii hapa ilitumika kwa mahitaji yangu na ya wenzangu, sikutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu. Kanisa la mwanzo lilikuwa na kipimo kikali. Didake, maandishi ya Wakristo wa kale sana, inasema mtume msafiri akikaa siku tatu ni nabii wa uongo, na akiondoka achukue mkate tu. Akiomba fedha, ni wa uongo. Wakali wale wazee!

Mstari naoushika mimi ni wa Petro: "si kwa kutaka fedha ya aibu, bali kwa moyo". Ng'ombe ale. Asibebe ghala.

Mchunga wa Zamu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mchungaji, mwaka wa kumi na moja sasa, sitasema wapi. Niliwahi kusimama madhabahuni nikasoma "msiwaguse masihi wangu" nikimlenga mzee mmoja aliyeuliza habari za sadaka ya ujenzi. Hesabu zilikuwa sawa, sikuwa nimeiba. Nilikuwa nimechoka tu, na swali liliniuma. Yule mzee alihama.

Kinachonisumbua ni Matendo 20:30. Paulo anaonya juu ya watakaoliharibu kundi: mbwa-mwitu wa mstari wa 29 wanatoka nje, lakini wa 30 watainuka "katika ninyi wenyewe". Paulo anawaambia wazee hao hao aliosema wamewekwa na Roho Mtakatifu. Kuwekwa na Roho hakukumfanya mtu ashindwe kugeuka. Sikuwahi kuihubiri hiyo, nilikuwa naishia mstari wa 28.

Msomaji wa Pembeni

Mtumishi, nakuheshimu kwa hili. Yule mzee unajua alipo?

Mchunga wa Zamu

Najua. Nina namba yake.

Swali langu lingine, na hili mke wangu ndiye aliyeniambia niulize. 1 Timotheo 5:19, usikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Binti akija kusema kiongozi fulani alimfanyia ubaya, ofisini, wawili tu. Hana shahidi. Mstari huu unamwambia aondoke?

Msomaji wa Pembeni

Hapana, na ni lazima tuwe makini, maana mstari huu umeshawafukuza wengi.

Kwanza, Paulo ameutoa kwenye torati, Kumbukumbu 19:15, na pale pale kuanzia mstari wa 16 kuna shahidi mmoja tu aliyesimama kumshitaki mtu. Waamuzi hawaambiwi wamfukuze. Wanaambiwa watafute kwa bidii. Shahidi mmoja hatoshi kuhukumu, lakini anatosha kabisa kuanzisha uchunguzi. Pili, mstari wa 19 unamkinga mzee na maneno ya mtaani, na 20 unafuata bila kupumua: wadumuo kutenda dhambi uwakemee mbele ya wote. Wa 21 unaapisha mbele za Mungu na malaika, usifanye lolote kwa upendeleo. Kinga na kemeo viko kwenye pumzi moja, anayesoma 19 akafunga kitabu amekata andiko. Tatu, ubaya wa namna hiyo ni jinai. Warumi 13 imeweka mwenye upanga, yaani serikali, na kanisa si mahakama wala polisi. Apelekwe anakoweza kusikilizwa na kutibiwa, na kiongozi huyo asimame pembeni uchunguzi ukiendelea.

Na asiachwe peke yake na jopo la wanaume. Mke wako awepo.

Mchunga wa Zamu

Atakuwepo. Ndiye aliyeambiwa kwanza.

Natoka humu, nampigia yule mzee.